Hilo "tu" nalifuta

Jumanne jioni nilikuwa ndani ya matatu namba 58, tumekwama Jogoo Road hapa Nairobi, karibu na City Stadium, kitabu kiko mapajani. Mzee aliyeketi kando yangu alikitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Binti, unasomea mtihani gani?"

"Hakuna mtihani, mzee," nikamjibu. "Ni riwaya tu."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye simu yake. Hakunikosea lolote. Niliyekosea ni mimi, kwa hilo "tu". Nilishuka nalo Buruburu, nikalala nalo, na leo nimeketi kuandika ili nilifute.

Kitabu chenyewe kinamhusu mjane mwenye duka la vitambaa katika kijiji kimoja cha Uingereza. Sura ya pili mtu anakufa kwa sumu. Damu haimwagiki, hakuna anayeteswa, na kila jirani ana sababu ya kushukiwa. Katikati ya hayo yote kuna mapenzi yanayoiva polepole kati ya mjane na daktari wa mifugo. Nilipokilipia shilingi 150 kwa muuza vitabu vya mtumba pale barabara ya Tom Mboya, nilijua muuaji atapatikana na wale wawili watapendana. Ndiyo sababu nilikinunua.

Sasa, aibu ile ilitoka wapi? Mimi nadhani ilianzia darasani. Sisi tuliosoma sekondari hapa Kenya tulikutana na riwaya kama watu wanaokutana na mkaguzi. Eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Taja sifa nne za mhusika. Jadili maudhui ya ufisadi. Hadi leo naweza kukutajia mbinu za lugha za kitabu nilichotahiniwa, lakini sikumbuki ukurasa wake hata mmoja ulioninyima usingizi kwa hamu ya kujua kitakachofuata. Mtihani wa kidato cha nne ulipokwisha, wenzangu wengi waliuza vitabu vyao wiki iyo hiyo, na tangu hapo wakisoma kitu ni cha maombi au cha kuwafundisha kutajirika. Watu hawa hawavichukii vitabu. Walizoeshwa kuamini kwamba kitabu lazima kilipe, kwa cheti au kwa funzo, la sivyo unapoteza muda. Walimu wa Kiswahili wanaonisoma, nawasihi kwa moyo wote: wapeni watoto riwaya moja kwa mwaka ambayo hamtawauliza swali lolote baada yake.

Nayasema haya nikijua ninachokisema, maana nilikaa miaka saba bila kumaliza riwaya. Kilichonirudisha ni figo za Mama.

Mama husafishwa damu Jumatatu na Alhamisi, kila mara kwa muda wa saa nne kwenye ile mashine. Mwanzoni nilibeba riwaya nzito zilizosifiwa. Nilisoma ukurasa ule ule mara tano. Kichwa cha mtu anayetazama damu ya mzazi wake ikipita kwenye mipira hakina nafasi ya huzuni nyingine. Siku moja nikachukua kitabu cha upelelezi, cha aina hii ambayo wazee wa vijijini ndio wanaomsaka muuaji, cha kupitisha muda, na saa mbili zikaisha sijainua macho. Mama akaniuliza, "Kuna nini humo?"

Mama Kiingereza anakisikia kidogo tu, kwa hiyo nikaanza kumsimulia kwa Kiswahili. Sura kwa sura. Ilipofika kwa bibi mmoja mpole anayewapelekea watu chai, akanikatiza: "Huyo mwangalieni vizuri. Mbona kila penye msiba yuko?" Nikasoma hadi mwisho. Alikuwa yeye. Mama hakusomea upelelezi popote. Amelea watoto sita Kaloleni na anajua mtu anayedanganya anavyoshika kikombe. Jumatatu iliyofuata baba mmoja wa kiti cha pili alitoa visikizi masikioni ili asikie, na nesi akaniomba nisimalize sura kabla hajarudi. Chumba kile, ambacho huwa na mlio wa mashine na kimya cha watu wanaohesabu pesa vichwani, kilikuwa na ubishi wa nani kamuua nani. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu daktari atupe habari.

Kwa hiyo mtu akiniambia hizi ni hadithi nyepesi, namuuliza: nyepesi kwa nani? Kwa mwandishi hazikuwa nyepesi. Agatha Christie alifanya kazi kwenye famasia ya hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akazijua sumu kwa vipimo na dalili zake kabla ya kuchapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 1920. Hadithi ya aina hii ina sharti gumu: kila dalili iwekwe mbele ya msomaji, mchana kweupe, na bado asiione. Mwandishi akikuficha jambo la muhimu umekosewa, na msomaji wa hadithi hizi husamehe mengi lakini si hilo.

Na asiniambie mtu ni mambo ya Wazungu. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake papa hapa Nairobi, na mwaka 1960 tukapata kitabu cha kwanza cha mpelelezi wake, Bwana Msa. Bwana Msa ana kiko cha tumbaku mdomoni, mwenzake Najum kando yake, na mahali ambapo wengine wanaona mizimu yeye anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi. Wasomi wetu wanaziita riwaya za namna hii riwaya pendwa, halafu zile nyingine wanaziita riwaya dhati, kana kwamba kinachopendwa hakiwezi kuwa cha dhati.

Nitakubali mambo mawili, ingawa sitaki. Katika vitabu hivi aliyeuawa husahaulika haraka mno. Ikifika sura ya tano hakuna anayemlilia, na hilo huniuma kwa sababu nimeshakaa kwenye matanga. Halafu riwaya nyingi za mapenzi, hasa zile za zamani, zina mwanamume tajiri mwenye kiburi anayembana mwanamke ukutani, kisha tunaambiwa hayo ni mapenzi. Hizo huwa naziacha katikati. Natafuta zile ambazo mwanamume anajua kuomba msamaha, na zipo tele.

Kuhusu bei ya vitabu vipya nitasema moja tu: tangu sheria ya Kenya ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 2013, kitabu hutozwa kodi ya asilimia 16. Wanaotusema kwamba hatusomi waanzie hapo.

Mzee wa namba 58, kama nitakuona tena, nitakujibu upya. Nasoma riwaya. Kuna mjane, kuna sumu, na kuna daktari wa mifugo ambaye Mama ameshampenda kuliko mimi ninavyompenda. Ukitaka nitakusimulia hadi stendi ya mwisho.

Kesho ni Alhamisi. Tumebakiza sura tatu, na Mama amenikataza kuzisoma usiku huu peke yangu.