The Hives hawakuibuka 2002
Nimesoma makala kuhusu The Hives, bendi ya roki ya Uswidi, na mwandishi anasema "waliibuka 2002". Wapi! Marekani ndiyo iliyochelewa kuwajua. Vijana hawa wa Fagersta, mji mdogo wa viwanda vya chuma huko huko Uswidi, walikuwa na albamu tangu 1997, na nyingine, Veni Vidi Vicious, ilitoka 2000. Muziki wenyewe ni gitaa linalokwaruza, ngoma za mbio, wimbo unakatika kabla hujachoka. Halafu mwimbaji wao Pelle Almqvist, ndani ya suti nyeusi na nyeupe, anajisifu jukwaani kama muuza dawa wa mnadani. Na mbona makala imemruka Randy Fitzsimmons, "mtunzi" wao asiyeonekana? Utani huo wa mtu wa kubuni wameushikilia miaka yote, hadi 2023 wakatoa albamu ya kifo chake, nyuso kavu kabisa!