Hong Kong iko ndani ya tropiki, Miami iko nje: mbona ramani zinasema kinyume?

Mjini Hong Kong jua la utosi huja mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Juni na tena katika Julai. Adhuhuri ya siku hizo mlingoti uliosimama wima hukosa kivuli. Miami haipati siku kama hiyo kamwe. Iko karibu latitudo 25.8 Kaskazini, zaidi ya digrii mbili juu ya Tropiki ya Kansa, mstari wa mwisho wa kaskazini ambako jua hufika utosini, na hata katika kilele cha Juni kivuli kifupi hubaki upande wa kaskazini wa mlingoti. Kwa hesabu ya jua, basi, Hong Kong ni mji wa tropiki na Miami si mji wa tropiki. Ukifungua ramani ya tabianchi inayotumika zaidi duniani, ile ya Köppen, unakuta kinyume chake: Miami na pwani ya kusini ya Florida zimetiwa rangi ya tropiki, na Hong Kong imetiwa rangi ya nusutropiki.

Mabishano haya ni ya zamani, na mara nyingi watu hubishana bila kukubaliana kwanza neno lenyewe linapima nini.

Wladimir Köppen, aliyezaliwa St. Petersburg mwaka 1846, aliingia katika tabianchi kupitia mimea. Alitaka kujua ni kiwango gani cha joto kinachotenganisha uoto wa aina moja na mwingine, na kwa upande wa tropiki akaweka mstari wake kwenye nyuzijoto 18 za Selsiasi. Mahali ambapo mwezi wa baridi kuliko yote haushuki chini ya wastani huo, na mvua inatosha, ni tropiki. Januari ya Miami ina wastani wa karibu nyuzijoto 20, kwa hiyo inapita. Ya Hong Kong ina kama 16 na nusu, inaanguka. Ndani ya Florida kwenyewe, Orlando iko karibu na 16, na Fort Myers, kwenye pwani ya magharibi, inagusa 18 kwa taabu. Ndiyo maana jimbo moja tambarare, lisilo na mlima hata mmoja, limekatwa vipande viwili kwenye ramani.

Wanaosema kusini mwa Florida ni tropiki hawategemei namba hiyo peke yake. Mvua za huko zina mwenendo wa kitropiki: masika marefu kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba, ngurumo karibu kila alasiri, kisha kiangazi wakati wa majira ya baridi. Unyevunyevu wa Agosti unakaa mwilini usiku na mchana. Ufukweni kuna mikoko, minazi inazaa barabarani, na kwenye visiwa vya Keys kuna miamba ya matumbawe iliyo hai. Mkondo wa bahari wa Ghuba unapita karibu na pwani ya mashariki ukileta maji ya joto kutoka kusini. Mtu akishushwa Miami bila kuambiwa yuko wapi, ataitaja Karibi kabla hajafikiria Marekani. Hoja hizi ni nzito, na sioni haki ya kuzipuuza kwa sababu tu mstari wa jua unapita mahali pengine.

Lakini Florida ina mlango ulio wazi upande wa kaskazini. Kutoka nchi za barafu za Kanada hadi Ghuba ya Meksiko hakuna safu ya milima inayokatiza kutoka mashariki kwenda magharibi. Hewa ya ncha ya dunia ikisukumwa kusini hutelemka juu ya nchi kavu bila kizuizi, na mara chache hufika hadi mwisho wa rasi ikiwa bado na makali. Februari 1917 Miami ilishuka hadi takriban nyuzi 3 chini ya sifuri. Tarehe 19 Januari 1977 chembe za theluji zilionekana zikidondoka mjini humo.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha michungwa ya katikati ya Florida, majira ya baridi ya 1894 na 1895. Mwishoni mwa Desemba baridi kali ilipukutisha majani na kuharibu matunda, lakini miti yenyewe haikufa. Januari ikaja na joto lake la kawaida. Utomvu ukapanda tena, machipukizi yakatoka, wakulima wakapata matumaini. Kisha Februari baridi ya pili ikaikuta miti imejaa maji. Magome yalipasuka, miti ikafa hadi chini, na familia nyingi zilifunga virago. Wastani wa msimu ule hauwezi kukusimulia hayo. Joto la Januari, ambalo katika jedwali lingepandisha namba, ndilo lililoiandaa miti kwa kifo.

Wanyama nao wanatoa ushahidi. Iguana wa kijani, wageni waliozaliana sana kusini mwa Florida, hulala matawini. Usiku wa baridi ukishuka karibu na nyuzijoto 5, miili yao inakakamaa, kucha zinaachia, na asubuhi wanakutwa chini wamenyooka kama vijiti, macho wazi. Jua likiwapiga, wengi huanza kutikisika mguu mmoja mmoja na kuondoka zao. Januari 2020 ofisi ya serikali ya hali ya hewa mjini Miami iliwatahadharisha wakazi wasishangae kuwaona wakianguka. Januari 2010 ilikuwa mbaya zaidi: baridi ilikaa siku nyingi, maji ya kina kifupi yakapoa, samaki, nguva na chatu wakafa, na kwenye Keys matumbawe makubwa yaliyokua kwa zaidi ya karne yalikufa ndani ya siku chache. Hayo ni matumbawe yaleyale yanayotajwa kama uthibitisho kwamba eneo hilo ni la tropiki.

Kwa hiyo naona wastani wa mwezi ni kipimo cha haki lakini kisichokamilika. Unasema majira ya baridi kwa jumla yana ubaridi gani. Hausemi usiku mmoja unaweza kufanya nini.

Kuna pingamizi ambalo sipaswi kulikwepa. Ukishika usiku wa baridi kuliko wote kama kipimo pekee, Hong Kong inaishinda Miami. Kituo chake cha uangalizi hakijawahi kurekodi chini ya sifuri. Rekodi yake ni 0.0 kamili, Januari 1893. Hata tarehe 24 Januari 2016, siku iliyowatisha watu huko, kipimajoto kilisoma 3.1. Juu ya mlima Tai Mo Shan, wenye mita 957, barafu ilifunika nyasi na vyuma vya kando ya barabara, watu waliopanda kuitazama wakakwama, na wazimamoto walioitwa kuwaokoa wakawa wanateleza. Lakini hali ya Hong Kong ni tofauti kwa jambo moja: ubaridi wake si mgeni wa usiku mmoja. Pepo za monsuni zinazotoka Siberia huvuma juu yake kwa wiki nyingi kila mwaka, na ndizo zinazoshusha wastani wa Januari. Wenyewe huuita mji wao wa nusutropiki, na sina cha kuwapinga.

Vipimo viwili, basi, vinahitajika pamoja: msimu usiopoa, na usiku usioua. Glenn Trewartha, mwanajiografia wa Marekani aliyeurekebisha mfumo wa Köppen, naye aliipa jalidi, yaani baridi ya kugandisha, nafasi yake katika kuutenga ukanda wa tropiki. Key West, kwenye ncha ya Keys, inapita kote kuwili: Januari yake ina wastani wa kama 21, na hakuna jalidi iliyowahi kurekodiwa, usiku wake wa baridi kabisa ulisoma takriban nyuzijoto 5. Huko ni tropiki, hata kama jua halifiki utosini. Hong Kong haipiti kipimo cha msimu. Miami inapita cha msimu na kukwama kwenye cha usiku, na kwa sababu hiyo mimi ningeiweka upande wa nusutropiki, nikikiri kwamba iko mlangoni kabisa.

Mkulima au mtunza bustani wa Florida tayari anafanya hesabu hii. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, toleo la 2023, imegawa nchi kwa usiku wa baridi kuliko wote katika kila mwaka, ikachukua wastani wa usiku huo kwa miaka 30. Anayetaka kupanda mwembe haulizi Januari ilikuwa na wastani gani.

Mstari wenyewe, hata hivyo, unasogea. Picha za satelaiti za kuanzia 1984 hadi 2011 zilionyesha mikoko ikiongezeka kwenye pwani ya mashariki ya Florida kuelekea St. Augustine, karibu latitudo 30, mahali palipokuwa pa nyasi za maji chumvi. Watafiti hawakuona uhusiano wa karibu na kupanda kwa wastani wa joto la mwaka. Uhusiano waliouona ni wa kupungua kwa siku zinazoshuka chini ya nyuzi 4 hasi. Baridi za miaka ya 1980 ziliiua mikoko mingi kaskazini mwa jimbo. Inayosimama huko leo imeota tangu hapo, na bado haijakutana na Desemba kama ile ya 1989.