Lamb ni mchafu, lakini simwachi

Kuna mwandishi wa makala anayedai riwaya za kijasusi zilikufa pamoja na Vita Baridi. Basi hajamsoma mwandishi wa riwaya Mwingereza, Mick Herron. Mfululizo wake, ulioanza na Slow Horses mwaka 2010, hauna jasusi mtanashati wa kuruka na parachuti. Una majasusi wa MI5, idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, walioboronga kazi wakatupwa Slough House, jengo chakavu karibu na Barbican, London, wapekue makaratasi mpaka wachoke na kujiuzulu wenyewe. Bosi wao, Jackson Lamb, ni mlevi, anajamba mbele za watu na matusi yake hayachagui mtu. Unacheka peke yako kama mwehu, kisha ukurasa unaofuata mhusika uliyempenda anauawa hivi hivi tu. Herron hana huruma kabisa! Na jinsi wakubwa wa Regent's Park, makao makuu ya MI5 katika riwaya hizi, wanavyosalitiana kulinda vyeo, adui wa nje anaonekana afadhali. Tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu hivi, yenye mwigizaji Gary Oldman, ni nzuri, sikatai, ila kejeli za msimulizi ziko vitabuni. Anayetaka kuonja aanze na cha kwanza, asirukie cha pili, Dead Lions, eti kwa sababu kilishinda Gold Dagger, tuzo ya riwaya za uhalifu, mwaka 2013.