Semina ya Siku Tatu au Saa Moja kwa Siku?

Posta ya Uingereza ilipotaka kuwafundisha watumishi wake kuchapa misimbo ya posta kwa kibodi, watafiti Baddeley na Longman waliwagawa katika makundi manne. Moja lilifanya mazoezi saa moja tu kwa siku, na jingine saa nne, katika vipindi viwili vya saa mbili mbili. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 1978, kundi la saa moja liliizoea kibodi kwa takriban saa 35 za mazoezi, ilhali la saa nne lilihitaji takriban 50.

Ukiishia hapo, utawahukumu wote wanaoandaa semina za siku tatu hotelini. Lakini saa 35, kwa mwendo wa saa moja kwa siku, ni wiki saba za kazi, na saa 50 kwa mwendo wa saa nne hazifiki hata wiki tatu. Ofisi inayofunga mfumo mpya wa kompyuta mwezi ujao haina wiki saba za kusubiri, wala anayewaita watumishi kutoka Tunduru na Kibondo hadi Dodoma hawezi kuwaita kila siku kwa saa moja. Hoja hiyo ina uzito, na si haki kuidharau kwa kusema kwamba watu wanafuata posho.

Kinachonisumbua ni kipimo. Fomu ya tathmini hugawiwa alasiri ya siku ya mwisho, na mshiriki huulizwa kama ameridhika. Basi, kule Posta waliojifunza kwa saa chache kuliko wote ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa kuwa siku zilikuwa zikienda bila wao kuona mwisho. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani makala ya kusoma: baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, na wale waliojipima kwa kuandika walichokumbuka, asilimia 56. Fomu ya alasiri ile inaona zile dakika tano tu.

Kwa hiyo pale umbali unapolazimisha semina, na ibaki, ila ipunguzwe siku moja, na gharama yake igeuzwe muda wa kufuatilia: wiki moja baadaye, kisha mwezi mmoja, mkuu wa kituo amkalishe mhasibu aliyehudhuria afunge hesabu za siku kwenye programu mpya, makabrasha ya semina yakiwa kabatini. Kazi hiyo itamla mkuu muda wake, na kwa kituo chenye watu wawili, mwisho wa mwezi, huo ni mzigo wa kweli, hivyo makao makuu yauweke kwenye ratiba yake ya kazi tangu siku semina inapopangwa.