Upana ni Uleule wa Reli ya Kwetu

Hapa Chur, kusini-mashariki mwa Uswisi ninakoishi, mtu anaweza kuingia katika duka la treni za mfano, akaomba behewa fulani la Rhätische Bahn, reli ya milimani ya huku, akataja hata rangi lililopakwa katika miaka fulani, na muuzaji asishangae hata kidogo. Nilikulia Voi, ambako reli ya Taveta inaungana na ile ya Mombasa, na ninakiri kwamba jambo hili bado linanitia wivu.

Wivu huo una sababu. Reli hii ya milimani ina upana wa mita moja kutoka chuma hadi chuma, upana uleule wa reli ya kwetu ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Watalii huja kutoka pembe zote za dunia kupanda treni inayovuka mlima wa Bernina kwenye kimo cha mita 2,253, ilhali reli yetu ilipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Nikiwaambia Waswisi hivyo, hunitazama kama mtu anayepiga chuku.

Treni zao za mfano zinapatikana kwa vipimo kadhaa, na asiyejua vipimo hivyo atapoteza fedha kama nilivyopoteza mimi. Nilinunua injini iliyokwishatumika, nakala ya injini ya Rhätische Bahn inayoitwa Mamba kwa sababu ya pua zake mbili ndefu, nikaipeleka nyumbani kwa furaha na kukuta magurudumu yake hayakai kwenye reli niliyokuwa nayo. Kosa lilikuwa langu. Kwa kipimo cha 1:87, yaani treni iliyopunguzwa mara 87, treni ya reli pana ya kawaida hupita kwenye reli ya milimita 16.5, lakini ile ya upana wa mita moja huhitaji milimita 12, na hicho ndicho kipimo ambacho kampuni ya Bemo ya Ujerumani imejijengea jina kwa treni za Uswisi. Kampuni ya LGB hutengeneza kubwa zaidi, za reli ya milimita 45, zinazofaa bustanini kuliko sebuleni, nao Wajapani wa Kato hutengeneza ndogo kabisa za reli ya milimita 9. Injini mpya ya Bemo hugharimu mamia ya faranga, kwa hiyo mimi hungoja minada na magulio ya vitu vilivyotumika, na silipi kabla injini haijatembezwa mbele ya macho yangu.

Wapo watakaosema kwamba mtu anayehangaikia nauli hana haja ya treni ya kuchezea. Sikubaliani nao. Utotoni tulitengeneza treni zetu kwa waya na makopo ya Kimbo, magurudumu tukiyakata kwenye ndara kuukuu, na mtaa mzima ulizivuta kwa zamu. Nikilinganisha na wazee wa huku wanaojifungia peke yao kwenye vyumba vya chini na mabehewa ambayo mjukuu haruhusiwi kuyagusa, naona sisi ndio tuliofaidi. Tulichokosa ni vipimo. Treni ya mfano huanza na futi kamba, mchoro na picha, na huku picha hupigwa na yeyote asimamaye kando ya njia, wakati kwetu mtu aliyeinua kamera stesheni alitarajia kuhojiwa na askari. Reli ikitendewa kama siri, nani ataipenda kiasi cha kuhesabu ribiti zake?

Na vya kuhesabu vipo. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za mvuke za aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ina uzito wa tani zipatazo 250. Mamba wa Uswisi, anayeuzwa hapa kwa kila ukubwa, ana tani 66. Mimi sijawahi kuikuta nakala ya Garratt hiyo katika duka lolote nililoingia.

Injini hiyo ina urefu unaozidi mita 30, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:87 itazidi sentimita 34, na itatembea bila taabu kwenye reli zilezile za milimita 12 nilizowawekea Waswisi mezani kwangu. Likizo ijayo nitakwenda Nairobi na futi kamba, daftari na binamu yangu aliye fundi wa bati, nami nimeshamwambia kwamba tutaanza na magurudumu.