Mwaka Mbaya, Lakini kwa Nani?

Kila Desemba magazeti ya Kiingereza hushikwa na homa ya kuutafutia mwaka kivumishi. Mgumu, wa ajabu, wa kusahaulika. Kivumishi kimoja kwa siku 365, tena kwa dunia nzima. Mimi sikubaliani na tabia hii, na nadhani ina madhara.

Tazama 2020. Jarida la Time liliuchora mwaka huo kwenye jalada lake ukiwa umekatwa kwa alama nyekundu ya X, likauita mbaya kuliko yote. Watunga kamusi wa Oxford, ambao huchagua neno moja la mwaka, safari hii walitoa ripoti ya maneno mengi ya mwaka waliouita usio na mfano. Sifa hiyo ilisikika kwenye barua za benki na hotuba za mawaziri mpaka ikachuja. Wala haikuwa kweli. Homa ya mafua ya 1918 iliua mamilioni ya watu duniani, wakiwamo wa huku kwetu Afrika Mashariki. Mfano ulikuwapo. Lakini serikali ikishasema jambo halina mfano, imeshajitetea: nani angejiandaa kwa kisichowahi kutokea?

Mwaka uliosemwa zaidi ni 1992. Tarehe 24 Novemba, siku nne baada ya moto kuunguza kasri la Windsor, Malkia Elizabeth II alisimama katika ukumbi wa Guildhall, London, akauita "annus horribilis", Kilatini cha mwaka wa kutisha. Ndoa za wanawe zilikuwa zinavunjika mmoja baada ya mwingine. Simlaumu. Alikuwa akisema ya nyumbani kwake, na katika hotuba hiyo hiyo alikiri kwamba huenda historia ingeuhukumu mwaka kwa upole zaidi. Kasoro ilikuja baadaye, maneno yake yalipogeuzwa vazi la kila kiongozi aliyebanwa. Mwaka 2004 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, akiandamwa na kashfa ya mpango wa umoja huo wa kuiruhusu Iraq kuuza mafuta ili inunue chakula, aliyatumia pia, akasema amefarijika mwaka unaisha. Kana kwamba kashfa nayo ingekwisha usiku wa Desemba 31!

Na huo 1992 ulikuwa wa nani? Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia, ilizingirwa kivita tangu Aprili. Wasomali walikufa kwa njaa. Tanzania ilirejesha vyama vingi, na Wakenya walipanga foleni Desemba 29 kupiga kura ya vyama vingi ambayo wengi waliipigania kwa kufungwa na kupigwa. Kivumishi kilichotoka Windsor hakiwezi kuwafunika wote hao.

Nampa heshima John Dryden, mshairi wa Kiingereza aliyeuita 1666 mwaka wa maajabu, ilhali London ilikuwa imetoka kwenye tauni ikaingia kwenye moto. Unaweza kumpinga, lakini alitunga beti zaidi ya 300 kueleza ameona maajabu gani. Vivumishi vya siku hizi havina hata sentensi ya pili.

Waislamu wana Mwaka wa Huzuni, ule aliofiwa Mtume Muhammad (S.A.W.) na mkewe Bi Khadija na ami yake Abu Talib. Hakuna anayeuliza huzuni ya nani, wala imetoka wapi. Hata mvua za 1997 wazee wetu hawakuzipamba kwa sifa. Walisema mwaka wa Elnino, na kila aliyeona barabara zikisombwa alielewa.

Ndiyo maana naumia nikisikia watangazaji wetu wa redio nao wakiufunga mwaka kwa kusema tu "ulikuwa mgumu", kisha muziki. Wamalizie habari. Waseme unga ulipanda bei na nani aliuficha ghalani, daraja lipi lilibomoka na fedha za kulikarabati zilikwenda wapi.