Makofi ya Cole ningempa Lucas

147573952589676412927. Tarakimu 21. Chukua 2 kwa kipeo cha 67, toa 1, umeipata; ni kazi ya jioni moja kwa mwenye kalamu na subira.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiorodhesha kati ya namba tasa. Alikosea. Hapohapo akairuka ya kipeo cha 61, ambayo ni tasa kweli.

Kisa kinachopendwa ni cha Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York. Frank Nelson Cole akaenda ubaoni bila kusema neno. Akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Pembeni akazidisha 193707721 kwa 761838257287. Majibu yakalingana, naye akarudi kitini huku ukumbi ukipiga makofi. Alipoulizwa kazi ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu. Kisa kitamu, na nahisi chumvi imo.

Ila kinamfunika mwanahisabati Mfaransa, Edouard Lucas. Huyu alikuwa ameshaonyesha mwaka 1876, miaka 27 kabla ya ubao ule, kwamba namba hii si tasa. Na hakuwa na kigawo chake hata kimoja mkononi!

Mara ya kwanza kulisikia hili nilibisha. Shuleni tulizoea kwamba ukisema namba si tasa, unaonyesha inagawanyika kwa ngapi. Utajuaje mtungi umetoboka kama hujaliona tundu? Lakini hata mtungi, maji yakipungua, umeshajua.

Njia yake Lucas, kwa sura aliyoinyoosha mwanahisabati Lehmer baadaye, inafundishika hata sekondari. Anza na 4. Ipe kipeo cha pili, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza, ubaki na baki tu. Rudia. Tujaribu 31, yaani 2 kwa kipeo cha 5 toa 1: 4 inazaa 14, 14 inazaa 194, ambayo kwa 31 inabakiza 8, 8 inazaa 62, baki 0. Hatua tatu, mbili pungufu ya kipeo. Sufuri ikitokea mwishoni, namba ni tasa. Sasa jaribu 2047, ya kipeo cha 11: hatua ya tisa inakuachia 1736. Si tasa, na hujamgusa 23 wala 89 wanaoizaa. Kwa ile ya Mersenne ni hatua 65. Ndefu, lakini zina mwisho unaojulikana tangu mwanzo.

Kutafuta vigawo ni shughuli nyingine kabisa. Sisemi Cole alibahatisha. Kigawo chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 134, kwa hiyo wengi wanaenguliwa mapema. Hata hivyo 193707721 ni 134 mara 1445580, jumlisha 1. Kwa mtu asiye na kompyuta, huo ni msitu.

Wiki iliyopita nilizidisha zile namba zake mbili kwa mkono, nione ubao ule ulikuwaje. Mara ya kwanza nilikosea kubeba safu ya saba. Mara ya pili karatasi ikaishia 412927, nikacheka peke yangu mezani. Haya, Cole naye apate makofi yake. Lucas aanze.